Nundu, Kimo na Mpandano: Historia Fupi ya Maneno ya Kamshafti

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sehemu moja ya injini ya gari, yaani kamshafti, ilivyopata jina lake katika Kiswahili, na kwa nini jina hilo peke yake halimtoshelezi fundi, mwalimu wala mfasiri. Huenda msomaji akauliza chombo kilichofichika ndani ya injini kina uhusiano gani na jarida la lugha. Jibu ni kwamba katika karakana zetu kamshafti hulinganishwa kila siku: hii inafaa kwa gari la mizigo, ile kwa gari la mwendo wa kasi, nyingine kwa mashindano tu. Lakini vitu viwili haviwezi kulinganishwa pasipo majina ya sifa zinazolinganishwa. Kiswahili kinalo jina la chombo chenyewe. Majina ya sifa zake ama hakina, ama kinayo ambayo hayakubaliani.

Jambo hili nililitambua kutokana na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimefasiri mwongozo wa mafundi, na kabla ya kuuwasilisha nikaona ni vyema niupeleke kwa fundi mmoja mzee mwenye karakana Kisesa, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Nilimwamkia, tukaketi, naye akasoma kimya mpaka alipofika mahali nilipoandika "wasifu wa kamshafti". Akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "wasifu ni wa mtu anayeomba kazi. Hii kamshafti inaomba kazi wapi?"

"Mzee, nilitafuta neno la kuonyesha jinsi umbo lake linavyoonekana ukilitazama kwa ubavuni."

"Basi sema umbo."

Akaendelea kusoma. Mistari miwili mbele alikuta maneno "muda wa kufunguka kwa vali: nyuzi 240". Hapo hakucheka. Aliniuliza, "Tangu lini muda ukapimwa kwa nyuzi?"

Swali hilo la pili ndilo kiini cha makala haya. Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha tu, kwa sababu kila msomaji angelitambua. La pili lingemdanganya mwanafunzi bila yeye kujua.

Nyumba ya mhunzi

Kutoka Kisesa nilipanda hadi Bujora, ambako si mbali. Bujora ni parokia na makumbusho ya Wasukuma, kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini Mwanza. Kazi ya kukusanya na kuhifadhi vifaa vya Kisukuma hapo ilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee wa Usukuma waliojua mila na kazi za mikono. Mgeni huonyeshwa ngoma za watemi, vifaa vya vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu ambavyo ushindani wao ni wa kale, nyumba ya mganga, na nyumba ya mhunzi.

Katika nyumba ya mhunzi ndipo nilipokaa zaidi. Kabla ya chuma cha viwandani kuenea katika nchi za Ziwa, majembe yaliyolima Usukuma yalitoka kwa wahunzi, na miongoni mwa waliosifika sana ni Warongo wa upande wa Geita na Uzinza, waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma wenyewe. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu: katika karne ya 19 lilitumika pia katika biashara na katika mahari. Kazi hiyo ilikuwa na maneno yake, na Kiswahili nacho kina yake yaliyokamilika: mhunzi, mvukuto, fuawe, koleo, nyundo, kufua, kunoa. Hakuna hata moja linalohitaji maelezo, kwa kuwa kila neno limekaa na kazi yake kwa muda mrefu.

Nilijiuliza basi: ikiwa lugha iliweza kuitaja kazi ya chuma kikamilifu hivi, ni wapi ilipokatikia tulipofika kwenye chuma cha injini?

Kazi ya kamshafti

Kabla ya kujibu swali hilo hapana budi kueleza chombo chenyewe. Injini ya kawaida ya petroli hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta hewa na mafuta, kubana, kuwaka, na kutoa moshi. Hewa huingia na moshi hutoka kwa kupitia vali, ambazo ni vimlango vidogo vya chuma vinavyofungwa kwa springi. Kinachozifungua ni kamshafti. Huu ni mhimili unaozunguka, wenye sehemu zilizotokeza kwa kila vali. Sehemu iliyotokeza ikiifikia vali, huisukuma. Ikipita, springi huirudisha.

Kamshafti huzungushwa na krenkshafti, ambayo vitabu vingine huiita fitokombo, kwa njia ya mnyororo, ukanda au gia. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Kwa hiyo kila tendo la vali huhesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenkshafti, wala si kwa sekunde.

Sasa lile swali la mzee linapata uzito wake. Chukua kamshafti inayoiacha vali wazi kwa nyuzi 240. Krenkshafti ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, vali hukaa wazi kwa sehemu 40 za elfu moja za sekunde. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, vali ile ile, kwa nyuzi zile zile, hukaa wazi kwa sehemu zisizofika 7 za elfu moja za sekunde. Nyuzi hazikubadilika, muda ndio uliobadilika. Kuziita nyuzi hizo "muda" ni kumfundisha mwanafunzi kinyume cha ukweli, na ni kumficha sababu yenyewe ya kuwapo kwa kamshafti za aina mbalimbali. Mwenye gari la kasi hutaka nyuzi nyingi kwa sababu injini ikienda mbio muda huwa haba.

Safari ya chombo

Wazo la mhimili wenye sehemu zilizotokeza si la injini, wala si la juzi. Mwaka 1206 Ismail al-Jazari, fundi aliyewatumikia watawala wa ukoo wa Artuqi huko Diyarbakır, alimaliza kitabu chake cha mitambo. Miongoni mwa mitambo aliyoichora ni mashua ya kuwafurahisha wageni, iliyobeba sanamu za wanamuziki. Ndani yake kulikuwa na mhimili uliozungushwa kwa nguvu ya maji, wenye vigingi. Kila kigingi kilipopita kiligusa wenzo, na wenzo ukaupandisha na kuuangusha mkono wa mpiga ngoma. Kwa hiyo mojawapo ya kazi za kwanza za chombo hiki tunazozijua vyema ilikuwa kupiga ngoma kwa mpango uliowekwa kabla.

Katika karne hizo hizo za kati, Ulaya ilitumia wazo hilo katika uhunzi. Gurudumu la maji lilizungusha mhimili, na meno ya mhimili yakainua nyundo nzito na kuiacha ianguke juu ya chuma. Nikolaus Otto wa Ujerumani alipofanikisha injini ya mapigo manne mwaka 1876, kanuni ya kuinua na kuachia ilikuwa tayari ya kale. Lililokuwa jipya ni usahihi: nyundo ikichelewa kidogo haidhuru, lakini vali ikichelewa kufunga inaweza kukutana na pistoni.

Nimeeleza historia hii kwa sababu moja. Chombo tunachodhani ni kigeni kabisa kina ndugu zake katika vitu viwili ambavyo mtu wa Bujora anavijua vizuri, yaani ngoma na nyundo ya mhunzi. Kisichokuwapo ni daraja la maneno.

Safari ya jina

Kiswahili kimepata maneno ya magari kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kulipa neno la zamani kazi mpya. Mfano bora ni usukani. Neno hili lilitoka katika Kiarabu likiwa la vyombo vya majini. Nahodha alishika usukani karne nyingi kabla ya gari la kwanza kufika pwani. Dereva alipohitaji neno, alikuta limekwisha tengenezwa. Leo hakuna anayeliona kuwa ni sitiari. Kadhalika bomba, tulilolipata kwa Wareno, na gari, tulilolipata kutoka Bara Hindi, yaliingia katika kazi mpya bila kelele.

Njia ya pili ni mkopo wa karakana. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na biashara ya pamba ikaleta malori, viwanda vya kuchambulia pamba na mitambo yake. Vijana waliojifunza kazi kwa kumshikia fundi spana walijifunza na majina: injini, silinda, pistoni, vali, gasketi, beringi, plagi, kamshafti. Maneno haya hayakupitishwa na kikao chochote. Yalipita katika mikono yenye grisi, yakapata irabu mwishoni, yakaingia katika ngeli, na yakawa Kiswahili.

Njia ya tatu ni ya vyombo rasmi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kazi yake kubwa ya usanifishaji ilihusu zaidi vitabu vya shule. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi ilichukuliwa kama wajibu wa taifa. Orodha za Tafsiri Sanifu zilianza kutolewa katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kwa njia hii wanataaluma walijitahidi kuunda maneno yanayojieleza. Fitokombo ni la namna hiyo: ni fito, na limepinda.

Kila njia ina sifa yake na upungufu wake. Mkopo wa karakana huenea upesi, lakini hutaja vyombo tu. Haufiki kwenye sifa za vyombo, kwa kuwa kijana anayejifunza kwa kutazama huonyeshwa kwa kidole. Istilahi rasmi hufika kwenye sifa, lakini mara nyingi hubaki kitabuni. Fundi hawezi kulikubali neno kwa sababu limechapishwa tu.

Mafunzo ya mashindano ya Safari

Haja ya kulinganisha kamshafti ilionekana wazi Afrika Mashariki katika mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukitazama magari yaliyoshinda, unapata kama maonyesho ya kamshafti za kila namna.

Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda kwa Peugeot 404, gari lenye injini ya sentimeta za ujazo 1,618. Kamshafti yake ilikuwa moja, nayo ilikaa chini katika bloku, ikisukuma vali kwa fimbo. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na kamshafti moja iliyokaa juu ya vali. Ford Escort RS1600 ya Hannu Mikkola, iliyoshinda mwaka 1972, ilikuwa na kamshafti mbili za juu na vali 16 kwa silinda nne. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer yenye kamshafti moja ya juu.

Mwaka 1975 ulileta somo kubwa zaidi. Lancia Stratos mbili, kila moja ikiwa na injini ya silinda sita na kamshafti nne, zilishika nafasi ya pili na ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 504 ya Ove Andersson, yenye kamshafti moja katika bloku kama ile 404 iliyoitangulia. Na kampuni ya Peugeot haikukosa ujuzi wa kamshafti za juu: mwaka 1912 ilikuwa imeshinda mashindano makuu ya Ufaransa kwa gari lenye kamshafti mbili za juu na vali nne kwa kila silinda.

Si haki kusema kwamba kamshafti pekee ndiyo iliyoamua. Uimara wa gari, springi, matope na dereva vyote vilikuwa na sehemu yao. Lakini somo linabaki: wingi wa kamshafti au ukali wa umbo lake si ubora wenyewe. Ubora ni kufaana na njia.

Somo hilo lingali na gharama yake leo. Mzee wa Kisesa alinisimulia habari ya kijana aliyenunua kamshafti aliyoambiwa kuwa ni "kali", akaifunga katika gari la abiria la kwenda na kurudi mjini. Gari halikukaa sailensa, kama wasemavyo mafundi. Lilitetemeka kila liliposimama kituoni, na likijaa abiria halikuondoka vizuri. Alilipia kamshafti, akalipia kufunga, kisha akalipia kuifungua na kuirudisha ile ya zamani. Neno pekee alilokuwa nalo la kuuliza dukani lilikuwa "kali", na muuzaji hakuwa na jingine la kumjibu.

Istilahi zinazohitajika

Kwa maoni yangu, maneno matano yangemtosha kijana yule kuepuka hasara hiyo.

La kwanza ni nundu, kwa ile sehemu iliyotokeza katika kamshafti. Usukuma ni nchi ya ng'ombe, na nundu ya ng'ombe haihitaji kuelezwa kwa mtoto wa huko wala kwa Mtanzania yeyote. Zaidi ya hayo, nundu zinatofautiana: kuna fupi na ndefu, kuna pana na zilizochongoka. Neno linabeba tayari wazo la kulinganisha.

La pili ni umbo la nundu, mahali pa lile neno nililolikosea. Hapa ndipo panapotazamwa ubavu wa nundu unavyopanda. Ubavu wa taratibu huinua vali kwa upole na kudumu. Ubavu mkali huifungua upesi, lakini hudai springi zenye nguvu zaidi, na huongeza msuguano na uchakavu.

La tatu ni kimo cha nundu, yaani kiasi ambacho nundu imetokeza nje ya duara lake la msingi. Kimo cha nundu kisichanganywe na mwinuko wa vali. Katika injini nyingi kuna wenzo kati ya nundu na vali unaozidisha mwendo. Wenzo ukizidisha mara moja na nusu, nundu yenye kimo cha milimeta 6 huinua vali kwa milimeta 9. Orodha inayotaja "mwinuko" bila kusema ni wa nini haiwezi kutumika.

La nne ni nyuzi za ufunguzi, badala ya "muda". Kwa takriban, kamshafti za magari ya kawaida huwa na nyuzi kati ya 240 na 260. Za magari ya barabarani yaliyoongezewa nguvu hufika 280. Za mashindano huzidi hapo. Lakini fasili lazima iseme pia kipimo kimeanzia wapi. Mtengenezaji mmoja huhesabu tangu vali inapoanza kuinuka, mwingine huanza baada ya milimeta moja. Kamshafti ile ile itaonekana ina nyuzi nyingi kwa wa kwanza na chache kwa wa pili.

La tano ni mpandano. Mwishoni mwa pigo la kutoa moshi, vali ya kuingizia huanza kufunguka kabla ile ya kutolea haijafunga. Kwa nyuzi kadhaa zote mbili huwa wazi. Wengine wamependekeza mwingiliano, lakini neno hilo limekwisha chukuliwa na elimu ya jamii. Fundi wa kuezeka husema bati hupandana, ukingo wa moja ukilalia ukingo wa lingine, na hivyo ndivyo zilivyo nyakati za vali hizi mbili. Mpandano mkubwa huisaidia injini inapokwenda mbio, kwa sababu moshi unaotoka kwa kasi husaidia kuvuta hewa mpya. Injini ikienda polepole, moshi huo hurudi na kuchafua hewa inayoingia. Hapo ndipo gari linapotetemeka na kukosa nguvu ya kuondoka, kama lile la kijana.

Maneno haya hayatachakaa upesi. Mwaka 1989 Honda ilianza kuuza magari ambayo kamshafti yake ina nundu za maumbo mawili, moja kwa mwendo mdogo na nyingine kwa mbio. Toyota nayo, katika miaka ya 1990, ilileta mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa vali injini ikiwa inazunguka, lakini usiobadilisha umbo la nundu. Magari ya namna hii yamejaa katika barabara zetu. Mwalimu asiyetenganisha umbo la nundu na wakati wa kufunguka hawezi kueleza tofauti ya mifumo hii miwili.

Hitimisho

Nilirudi Kisesa na orodha yangu. Mzee alilikubali neno nundu papo hapo, akawaita vijana wake wawili akawaonyesha kwa kidole nundu za kamshafti iliyokuwa juu ya meza, akizitaja kwa jina hilo. Mpandano alilifikiria kidogo, kisha akasema litafahamika. Nyuzi za ufunguzi alisema ni refu, lakini ni kweli. Nilikuwa nimeunda pia neno la kuchukua nafasi ya taimingi, nalo akalikataa.

"Hilo liache," akasema. "Taimingi ni yetu."

Naamini alikuwa na haki. Kazi ya mwundaji wa istilahi si kuwanyang'anya mafundi maneno waliyokwisha yafanya kuwa Kiswahili, bali ni kuwapa yale wasiyo nayo, na kwanza kuyatafuta katika mambo wanayoyajua: ng'ombe, bati, nyundo, ngoma. Taimingi na kamshafti zibaki. Nundu, umbo la nundu, kimo cha nundu, nyuzi za ufunguzi na mpandano nayapendekeza yajaribiwe.

Walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa kuyatumia mbele ya wanafunzi na kuona ni lipi linalosahaulika. Wafasiri wa miongozo wanaombwa wasiandike "muda" panapohesabiwa nyuzi. Na msomaji aliye karibu na karakana, iwe Mwanza, Mombasa au Bukavu, akisikia neno jingine lililo bora zaidi midomoni mwa mafundi, asisite kulileta lijadiliwe.